Seva Mbili katika Kompyuta Moja: Kutenganisha Kazi na Majaribio Shuleni

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi kompyuta moja ya shule inavyoweza kuendesha seva mbili za wavuti kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni seva ya kazi, ambayo wanafunzi na walimu huitegemea kila siku. Ya pili ni seva ya majaribio, ambayo mwalimu huitumia kutengeneza na kupima mambo mapya kabla hayajawafikia watoto. Tutaeleza pia namna ya kulifundisha jambo hili darasani, hata mahali ambapo kompyuta haipo au umeme umekatika.

Tumelichagua somo hili kwa sababu mwalimu mwanafunzi anayehitimu leo huenda akapangiwa shule yenye kompyuta moja tu, na mara nyingi yule anayeonekana kuifahamu kidogo ndiye anayekabidhiwa ufunguo wa chumba chake. Pengine atadhani kwamba habari za seva ni za mafundi wa mjini. Sivyo. Msingi wa jambo hili ni wa ualimu kabla haujawa wa ufundi: mwalimu anahitaji mahali pa kukosea, na mtoto ana haki ya kutodhuriwa na makosa hayo. Mambo haya mawili yanaweza kukaa katika mashine moja, alimradi tujue mahali pa kupitisha ukuta.

Kitalu na Shamba

Wakulima wa tumbaku wa Ushetu, halmashauri iliyoanzishwa mwaka 2012 katika Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, hawatupi mbegu moja kwa moja shambani. Mbegu ya tumbaku ni ndogo mno. Kwa hiyo huoteshwa kwanza kitaluni, humwagiliwa na kutunzwa kwa muda wa miezi miwili hivi, kisha miche iliyo imara huhamishiwa shambani mvua zinapoanza. Mche ulionyauka hubaki kitaluni, na shamba halipati hasara yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima mzuri hulizingatia. Kitalu hakiwekwi mahali palipolimwa tumbaku msimu uliopita, kwa kuwa ugonjwa uliobaki katika udongo ule utaingia katika miche. Kitalu na shamba vyaweza kuwa vya mkulima mmoja, na vyote vikapaliliwa kwa jembe moja lililosafishwa, lakini udongo wake hauchanganywi. Tunaomba msomaji aikumbuke habari hii ya udongo, maana tutairudia tutakapofikia suala la kanzidata.

Mkoa wa Shinyanga unao pia mfano wa namna hii katika historia ya elimu. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Serikali ya Tanzania kwa kushirikiana na UNESCO iliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Vitabu vya kujifunzia kusoma vilitungwa kwa kufuata shughuli za watu wenyewe, mathalani kilimo cha pamba, vikapimwa kwa watu wazima wa mikoa hiyo. Baadaye vilitumika katika kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga ya miaka ya 1970. Jaribio lilitangulia, na matumizi ya taifa zima yakafuata. Kanuni hiyo ndiyo tunayotaka kuipeleka katika kompyuta ya shule.

Maana ya Maneno

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno seva. Watu wengi wakisikia neno hili hufikiria sanduku kubwa lenye taa zinazowaka. Kwa hakika seva ya wavuti ni programu. Kazi yake ni kusubiri maombi na kuyajibu. Mwanafunzi anapoandika anwani katika kivinjari cha simu au kompyuta ndogo, kivinjari hupeleka ombi kwenye seva, nayo seva hutafuta ukurasa uliotakiwa na kuurudisha. Kwa kuwa seva ni programu, hakuna kinachozuia programu mbili za namna hiyo kufanya kazi ndani ya kompyuta moja, kama vile walimu wawili wanavyoweza kufundisha katika jengo moja.

Si lazima kuwe na intaneti. Kompyuta ya shule yaweza kuhifadhi vitabu, mazoezi na picha, na kuvigawa kwa mtandao wa ndani usiovuka uzio wa shule. Mashine ndogo kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, hutosha kwa kazi hiyo, na yaweza kutumia umeme wa sola. Programu kama vile Apache, iliyoanza mwaka 1995, hupatikana bila malipo.

Seva ya wavuti ya kwanza kabisa ilizaliwa katika hali inayofanana na ya shule zetu, yaani mashine moja kwa kazi zote. Mwishoni mwa mwaka 1990, Tim Berners-Lee aliiendesha katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kuandikia programu zake. Ilibidi abandike juu yake karatasi yenye onyo kwamba mashine ile ni seva na isizimwe. Mtu mmoja mwenye kufanya kazi na majaribio katika mashine moja hukabiliwa na hatari hiyo: wenzake wanategemea kitu ambacho yeye bado anakitengeneza.

Kwa Nini Tutenganishe

Tuchukue mfano. Januari 2024 shule za msingi nchini zilianza kutumia mtaala ulioboreshwa kwa baadhi ya madarasa, likiwamo Darasa la Tatu, ilhali madarasa ya juu, kama vile la Saba, yaliendelea na mtaala uliotangulia. Tuseme shule moja ya Ushetu iliweka vitabu vya madarasa yote katika seva yake. Mwalimu akitaka kuviingiza vitabu vipya vya Darasa la Tatu, atabadilisha orodha ya yaliyomo, atafuta folda na kuandika viungo upya. Akiifanya kazi hiyo katika seva ya kazi saa nne asubuhi, mtoto wa Darasa la Saba anayejiandaa kwa mtihani wa taifa huenda akafungua ukurasa wa hisabati akakuta hakuna kitu, au akakuta jibu la swali jingine.

Mtu mzima akikuta kosa la namna hiyo hushuku mashine. Mtoto hujishuku mwenyewe. Hudhani kwamba hakuelewa, au kwamba alilojifunza jana lilikuwa uongo. Aidha, walimu wenzake wanaoona kompyuta inakosea mara kwa mara huacha kuitumia, na mashine hubaki imefunikwa kitambaa hadi inapoharibika. Kwa hiyo hasara ya kuchanganya kazi na majaribio si ya dakika chache za kukosa ukurasa. Ni hasara ya imani, nayo hairejei upesi.

Kwa upande mwingine, mwalimu anayeogopa kuharibu hatajaribu kitu. Ataviacha vitabu vilivyopitwa na wakati kwa sababu hathubutu kuvigusa. Ukuta tunaouzungumzia humlinda mtoto, na papo hapo humpa mwalimu uhuru wa kujifunza.

Mambo Sita ya Kutenganisha

Seva mbili zilizomo katika kompyuta moja hutenganishwa kwa mambo sita. Tunayaeleza kwa mpangilio, kuanzia lile jepesi.

1. Mlango. Kompyuta ina anwani moja katika mtandao, lakini anwani hiyo ina milango mingi yenye namba, kuanzia 1 hadi 65535. Vivinjari vimezoea kubisha katika mlango wa 80 kwa kurasa za kawaida, na wa 443 kwa kurasa zilizofichwa kwa usalama. Programu mbili haziwezi kusubiri katika mlango mmoja wa anwani ile ile: ya pili itakataliwa. Kwa hiyo seva ya kazi ipewe mlango wa 80, nayo ya majaribio ipewe mwingine, aghalabu 8080. Anayetaka seva ya majaribio huandika nukta mbili na namba hiyo baada ya anwani. Iko pia anwani 127.0.0.1, ambayo kwa kila kompyuta maana yake ni "mimi mwenyewe". Seva ya majaribio ikiamriwa kusubiri katika anwani hiyo tu, haitaonekana na simu wala kompyuta nyingine yoyote shuleni. Ataiona yule tu aliyeketi mbele ya mashine.

2. Folda ya kurasa. Kila seva iwe na folda yake, na kurasa zinazotumika katika pande zote mbili ziwe nakala mbili kamili. Pande hizo zikisoma faili moja, badiliko la upande mmoja litaonekana upande wa pili mara moja, na namba za milango hazitakuwa zimesaidia chochote.

3. Kanzidata. Hapa ndipo wengi huteleza. Kurasa za mazoezi huandika majina na alama za wanafunzi katika kanzidata, yaani daftari kuu la mfumo. Mara nyingi mwalimu hunakili folda nzima ya kurasa pamoja na faili ya maelekezo inayosema kanzidata iko wapi, naye asahau kuibadilisha. Seva ya majaribio huonekana imetengwa: ina mlango wake na folda yake. Lakini alama za uongo anazoziingiza ili kupima ukurasa zinaandikwa katika daftari la kweli, na akifuta majina ya majaribio anafuta majina ya watoto. Huu ndio udongo mmoja wa kitalu na shamba. Seva ya majaribio inayoandika katika kanzidata ya kazi ni seva ya kazi yenye mlango wa pili. Hapana budi kanzidata ziwe mbili, zenye majina mawili yasiyofanana.

Tena, kanzidata ya majaribio isijazwe majina na alama za watoto wenyewe. Itumie majina ya kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya habari za watu azitunze na kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa. Alama za mtoto hazikukusanywa ili zichezewe.

4. Mtumiaji na neno la siri. Katika mfumo kama Linux kila programu huendeshwa kwa jina la mtumiaji fulani mwenye ruhusa zake. Seva ya majaribio iendeshwe kwa jina lake, lisilo na ruhusa ya kuandika katika folda wala kanzidata ya kazi. Hata mwalimu akikosea amri, mashine yenyewe itamkatalia.

5. Kitabu cha matukio. Kila seva huandika mambo inayoyafanya: nani aliomba nini, saa ngapi, na kosa gani lilitokea. Vitabu hivi viwe viwili. Vikichanganywa, mwalimu atashindwa kutambua kama kosa la jana lilimpata mtoto au lilimpata yeye alipokuwa akijaribu.

6. Nguvu za mashine. Kuta hizi zote ziko ndani ya nyumba moja. Seva zote mbili hula kumbukumbu ile ile na umeme ule ule. Jaribio lililoandikwa vibaya laweza kumeza kumbukumbu yote hata seva ya kazi ikasimama. Kwa hiyo seva ya majaribio iwekewe kikomo: tuseme gigabaiti 1 katika mashine yenye 4. Isipohitajika, izimwe.

Tungeongeza ushauri mmoja usio wa kiufundi. Kurasa za majaribio zipewe rangi tofauti na neno MAJARIBIO kwa herufi kubwa juu yake. Mwalimu aliyechoka jioni hatofautishi 80 na 8080, lakini ataiona rangi.

Kuhamisha Kutoka Kitaluni

Jaribio likifaulu, lazima lihamishwe. Kazi hii ifuate hatua hizi, wala isifanywe kwa haraka.

Kwanza, fanya nakala ya akiba ya kurasa na kanzidata ya kazi, uiweke nje ya kompyuta hiyo. Pili, mwalimu mwingine azipitie kurasa mpya katika seva ya majaribio, kwa kuwa mtu haoni kwa urahisi makosa ya mkono wake. Tatu, chagua wakati ambao watoto hawatumii mashine, kwa mfano baada ya masomo. Nne, usiifute folda ya zamani. Iite toleo la kwanza, na ile mpya toleo la pili. Seva ya kazi iambiwe kusoma kiungo kinachoitwa "sasa", ambacho huelekezwa kwenye toleo moja kati ya hayo mawili. Kuhamia upya ni kukielekeza kiungo kwenye toleo la pili. Kurudi nyuma ni kukielekeza tena kwenye la kwanza, kazi isiyozidi dakika moja. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tano, andika katika daftari la chumba cha kompyuta tarehe, kilichobadilishwa, na jina la aliyekibadilisha. Siku mwalimu huyo atakapohamishwa, daftari litabaki.

Namna ya Kulifundisha Somo Hili

Somo hili laweza kufundishwa kwa vitendo katika kipindi kimoja cha dakika 40 bila kompyuta. Zana zinazotakiwa ni meza mbili, madaftari mawili ya alama, majalada mawili ya karatasi na chaki.

Lengo mahsusi liandikwe hivi katika andalio la somo: baada ya kipindi, kila mwanafunzi aweze kueleza kwa nini seva ya majaribio lazima iwe na daftari lake la kumbukumbu.

Hatua ya kwanza, dakika 10. Mwalimu aweke meza mbili mbele ya darasa, aziandike kwa chaki 80 na 8080. Katika kila meza aketi mwanafunzi mmoja, ambaye ndiye seva, akiwa na jalada lenye maswali manne ya kuzidisha. Wanafunzi wengine waje mmoja mmoja na karatasi zao kuomba swali kwa namba. Seva imsomee kila mmoja swali lililoombwa, ipokee jibu na kuandika alama. Katika hatua hii meza zote mbili zitumie daftari moja linalopitishwa huku na huko, wala mwalimu asiseme lolote juu yake.

Hatua ya pili, dakika 10. Mwalimu abadilishe maswali ya meza ya 8080 tu, tena aweke kosa moja makusudi. Watoto wa meza ya 80 wataendelea bila taabu. Mwalimu awaulize: mbona ninyi hamkusumbuka? Watajibu kwamba jalada lao halikuguswa.

Hatua ya tatu, dakika 10. Sasa mwalimu aiambie meza ya 8080 ifute alama zote "za majaribio". Kwa kuwa daftari ni moja, alama za watoto wa meza ya 80 zitafutika pia. Watalalamika, na malalamiko yao ndiyo somo lenyewe. Mwalimu asiwahi kueleza. Awaache waseme wenyewe kilichokosewa na namna ya kukirekebisha.

Hatua ya nne, dakika 10. Meza zipewe madaftari mawili, zoezi lirudiwe, na mwanafunzi mmoja aandike ubaoni orodha ya vitu vilivyotenganishwa. Ikiwa kompyuta ipo, kipindi kinachofuata kionyeshe mambo hayo hayo katika mashine yenyewe.

Mwalimu mwanafunzi ataona kwamba tumeanza na kosa badala ya kanuni. Mtoto aliyefutiwa alama zake hataisahau kanuni hiyo, na kwa kuwa kosa lilitendeka mezani, hakuna aliyepata hasara. Zoezi lenyewe ni kitalu.

Mipaka Yake

Tusiisifu njia hii kupita kiasi. Seva mbili katika kompyuta moja haziepushi hatari zote. Diski ikifa, zote mbili zimekufa. Betri ya sola ikiisha, zote mbili zimezimika. Anayetaka kujaribu mfumo endeshi mpya, yaani programu mama inayobeba nyingine zote, hawezi kufanya hivyo katika mashine hiyo bila kuigusa seva ya kazi. Kwa jambo hilo mashine ya pili yahitajika, hata ikiwa kuukuu. Njia tuliyoieleza huzuia makosa ya mwalimu yasimfikie mtoto. Haizuii radi wala mchwa. Ndiyo maana nakala ya akiba haiachwi kamwe.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutenganisha kazi na majaribio si kuwa na namba mbili za milango tu. Ni kukagua kila kitu ambacho jaribio laweza kukigusa, na kuhakikisha kwamba hakiguswi pia na mtoto. Atakapokabidhiwa chumba cha kompyuta, mwalimu ajiulize swali moja kabla ya kuandika amri yoyote: nikikosea hapa, ni nani atakayeumia? Jibu likiwa "mimi peke yangu", aendelee. Likiwa "watoto", arudi kwanza kitaluni.

Maswali ya Kujadili

1. Seva ya majaribio ina mlango wake na folda yake, lakini alama za majaribio zinaonekana katika taarifa ya darasa. Taja kitu ambacho hakikutenganishwa, na ueleze namna ya kukirekebisha.

2. Kwa nini si vyema kunakili alama za kweli za wanafunzi katika kanzidata ya majaribio?

3. Shule yako ina kompyuta moja na vipindi vya asubuhi na jioni. Panga ratiba ya wiki moja inayoonyesha lini utajaribu, lini mwenzako atakagua, na lini utahamisha.

4. Buni mfano mwingine, kutoka katika kazi za watu wa mahali unapofundisha, unaoweza kuchukua nafasi ya kitalu na shamba.